Kilomita za Kuaminika, Saa za Kubahatisha: Mapitio ya Kikokotoo cha Safari za Ndege

Kwa miezi minane sasa nimekuwa nikitumia kikokotoo kimoja cha mtandaoni chenye kazi moja tu: unakiandikia uwanja wa ndege wa kuondokea na uwanja wa kufikia, nacho kinakurudishia umbali kati ya viwanja hivyo viwili pamoja na muda ambao safari itauchukua. Sikitaji kwa jina kwa kuwa vikokotoo vya aina hii ni vingi, na hesabu zinazofanyika ndani yake zinafanana kiasi kwamba mazuri na mapungufu nitakayoyaeleza hapa msomaji atayakuta katika vingi kati yake. Nimekijaribu kwa jozi za viwanja zipatazo arobaini, za karibu na za mbali, za mashariki kwenda magharibi na za kaskazini kwenda kusini, na kila mara nikalinganisha majibu yake na ratiba zilizochapishwa na mashirika ya ndege. Kwa umbali nakipa alama 9 kati ya 10. Kwa muda nakipa alama 4. Pengo hilo ndilo lililonifanya niandike, kwa sababu kikokotoo chenyewe hakionyeshi kwamba lipo. Kinaandika kilomita na saa kwa maandishi ya ukubwa mmoja, mstari mmoja chini ya mwingine, kana kwamba vyote viwili vimepimwa kwa mzani uleule.

Nianze na umbali, maana hapo kimefanya kazi nzuri. Kikokotoo kinafuata duara kuu, yaani njia fupi kuliko zote inayoweza kuchorwa juu ya uso wa tufe kati ya nukta mbili. Mtu aliyezoea ramani bapa ya ukutani, hasa ile inayofuata mtindo aliouchapisha Gerardus Mercator mwaka 1569, hudhani kwamba ndege inayotoka Tokyo kwenda New York huikata Bahari ya Pasifiki moja kwa moja kuelekea mashariki, kwa kuwa viwanja vyote viwili viko kati ya digrii 35 na 41 kaskazini mwa ikweta. Kikokotoo kinachora mstari unaopinda na kupanda hadi kaskazini mwa Alaska, karibu na digrii 70, kisha unashuka juu ya Kanada. Nilipouona mara ya kwanza nilidhani ni kosa la mchoro. Nikachukua tufe la dunia la mezani, nikaukaza uzi kati ya miji hiyo miwili, na uzi ukapita mlemle kilimochora kikokotoo. Njia hiyo ina kilomita zipatazo 10,850, ilhali ndege ambayo ingeng'ang'ania kufuata latitudo moja ingesafiri zaidi ya kilomita 12,500. Kwa mtu anayetaka kuwaelewesha watoto au wanafunzi kwamba dunia wanayoishi si karatasi, mchoro huo peke yake unatosha kuwa sababu ya kukifungua kikokotoo hiki.

Usahihi wake nao unaridhisha. Kati ya Heathrow mjini London na John F. Kennedy mjini New York kinatoa kilomita 5,540, jambo linaloonyesha kwamba kinaichukulia dunia kuwa tufe kamili lenye nusu kipenyo cha kilomita 6,371. Dunia haiko hivyo hasa; imebonyea kidogo kwenye ncha zake, nusu kipenyo chake kwenye ikweta kikiwa takriban kilomita 6,378 na kwenye ncha takriban 6,357. Vikokotoo vinavyouzingatia ubonyeo huo, kwa kutumia kanuni kama ile ya Thaddeus Vincenty ya mwaka 1975, huipa safari hiyohiyo kilomita zipatazo 5,555. Tofauti ya kilomita 15 ni mwendo wa dakika moja kwa ndege kubwa ya abiria, na mpima ardhi tu ndiye angekuwa na haki ya kuilalamikia. Kimo cha ndege pia hakina uzito mkubwa kama watu wengi wanavyofikiri: kuruka kilomita 11 juu ya ardhi kunaurefusha mzunguko kwa chini ya asilimia 0.2, ambayo kwa safari hiyo ya Atlantiki haifiki hata kilomita 10. Haya nayasema kwa sababu nimewasikia watu wakikikosoa kikokotoo kwa mambo hayo mawili, na si mambo ya kukikosoa.

Vipimo vinatolewa kwa namna tatu, na kila kimoja kimeandikwa jina lake kamili, jambo ambalo vikokotoo kadhaa nilivyowahi kuvitumia vilikuwa vikilipuuza. Kuna kilomita, kuna maili ya nchi kavu yenye kilomita 1.609, na kuna maili ya baharini yenye mita 1,852, ambayo ndiyo wanayoitumia marubani. Safari ya kilomita 5,540 ni maili 3,442 za nchi kavu lakini ni maili 2,991 tu za baharini. Anayesoma neno "maili" pasipo kuelezwa ni maili gani anaweza kukosea kwa zaidi ya asilimia 13, na kosa hilo ni kubwa mara nyingi kuliko lile la umbo la dunia.

Viwanja vinatambuliwa kwa jina la mji au kwa alama, ziwe zile za herufi tatu zinazoandikwa kwenye tikiti na lebo za mizigo au zile za herufi nne zinazotumiwa na marubani na waongoza ndege. Ushauri wangu kwa yeyote ni kutumia alama, asiuamini utafutaji wa jina. Niliandika "San Jose" na kikokotoo kikanichagulia uwanja wa California, ambao alama yake ni SJC, wakati mimi nilikuwa namaanisha mji mkuu wa Costa Rica, ambao uwanja wake ni SJO. Hakikuniuliza, kilichagua tu na kuendelea. Ukiandika "Sydney" unapaswa kukumbuka kwamba mbali na jiji la Australia upo mji wa jina hilo huko Nova Scotia, Kanada, wenye uwanja wake, na wamekwisha kuwapo wasafiri waliotua huko wakidhani wanakwenda Australia. Hata ndani ya jiji moja kuna mtego: Haneda na Narita vyote ni viwanja vya Tokyo, lakini kutoka kimoja hadi kingine ni takriban kilomita 60, na kikokotoo ukikiandikia "Tokyo" kinachukua cha kwanza kwenye orodha yake bila kukuonya.

Kabla sijauacha umbali nitaje matumizi yake mawili ambayo hayana uhusiano na udadisi. La kwanza ni la kisheria. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004, inayohusu haki za abiria waliofutiwa au kucheleweshewa safari, inawagawa wasafiri kwa mipaka ya kilomita 1,500 na kilomita 3,500, na inaagiza wazi kwamba umbali huo upimwe kwa njia ya duara kuu. Mwaka 2017 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikaamua kwamba kwa abiria anayeunganisha ndege, kinachopimwa ni umbali wa moja kwa moja kati ya mahali alipoanzia na mwisho wa safari yake, hata kama ndege zenyewe zilizunguka. Abiria aliyepitishwa mji wa tatu hana haja ya kujumlisha vipande. Anaviandika viwanja viwili tu, wa mwanzo na wa mwisho, na jibu la kikokotoo hiki linakuwa karibu sana na kile kanuni inachokitaka. Pale jibu linapoangukia kilomita chache tu kutoka kwenye mpaka, atafute kinachozingatia ubonyeo wa dunia, maana hapo zile kilomita 15 nilizozidharau zinaweza kumhamisha kundi.

La pili ni kukadiria hewa ya ukaa inayotokana na safari, na hapa ndipo tunapoanza kuona kwamba umbali wa duara kuu si umbali wa safari. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga wa Kiraia, ICAO, katika hesabu zake za hewa ya ukaa huongeza kilomita 50 kwa safari zisizofika kilomita 550, kilomita 100 kwa zile zilizo kati ya 550 na 5,500, na kilomita 125 kwa zinazozidi hapo. Nyongeza hiyo ni ya mizunguko ambayo hakuna ndege inayoiepuka: kuruka kuelekea upande upepo unakotoka, kisha kugeuka; kukwepa mawingu ya radi; kuzungushwa juu ya uwanja wenye msongamano. Kikokotoo changu hakiongezi hata kilomita moja, wala hakisemi kwamba hakiongezi. Neno "umbali wa safari" lililoandikwa juu ya jibu lake lingepaswa kuwa "umbali kati ya viwanja", na badiliko hilo dogo lingekuwa la ukweli zaidi.

Sasa nije kwenye muda.

Baada ya kulinganisha majibu mengi niligundua kwamba kikokotoo kina kanuni moja tu: kinagawanya kilomita kwa 800, kisha kinaongeza nusu saa. Kwa London na New York kinasema saa 7 na dakika 25. Si kanuni ya hovyo. Ndege kubwa za leo huruka kwa takriban asilimia 78 hadi 85 ya kasi ya sauti, na katika baridi ya nyuzi 56 chini ya sifuri iliyoko huko juu, asilimia 85 ni kama kilomita 900 kwa saa. Ukipunguza kidogo kwa ajili ya mizunguko na kuongeza nusu saa kwa ajili ya kupaa na kushuka, unapata wastani unaoingia akilini. Tatizo ni kwamba wastani huo ni wa safari ambayo karibu hakuna mtu anayeisafiri. Ratiba za mashirika kati ya viwanja hivyo viwili huandika takriban saa 7 kwa anayekwenda mashariki na takriban saa 8 kwa anayekwenda magharibi. Kikokotoo kinatoa jibu moja kwa pande zote mbili, nalo limekaa katikati, likimkosea kila abiria kwa upande wake.

Mabaharia wetu wa majahazi wangelitambua kosa hili mara moja, kwa sababu wao hawakuwahi kuutaja urefu wa safari bila kuutaja upepo. Walikuwa na upepo wa tezi, unaosukuma chombo kutoka nyuma, na upepo wa omo, unaokikabili usoni, na hakuna nahodha aliyedhani kwamba siku za kwenda zingelingana na siku za kurudi. Angani mambo ni yaleyale. Katika kimo cha kilomita 9 hadi 12 kuna mikondo ya upepo mkali inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, yenye nguvu zaidi wakati wa majira ya baridi, na kasi yake mara nyingi hupita kilomita 160 kwa saa. Ndege haisafiri juu ya ardhi. Inasafiri ndani ya hewa, na hewa hiyo yenyewe inatembea.

Tufanye hesabu ambayo kikokotoo kingepaswa kuifanya. Chukua ndege yenye kasi ya kilomita 900 kwa saa na upepo wa wastani wa kilomita 100 kwa saa njia nzima. Kwenda na upepo, kilomita 5,540 zinamalizika kwa saa 5 na dakika 32. Kurudi dhidi yake ni saa 6 na dakika 55. Tofauti ni saa 1 na dakika 23, na hapo bado hatujagusa muda wa ardhini. Jambo ambalo halionekani kwa haraka ni kwamba hasara na faida hizo hazifutani: safari nzima ya kwenda na kurudi kwenye hewa tulivu ingechukua saa 12 na dakika 19, lakini ukiujumlisha upepo inakuwa saa 12 na dakika 28, kwa sababu ndege hukaa muda mrefu zaidi ndani ya upepo unaoirudisha nyuma kuliko ndani ya ule unaoisukuma. Mtu anayedhani kwamba wastani wa pande mbili utamfaa kwa safari nzima anadanganyika kwa dakika 9.

Na upepo una siku zake. Mwezi Februari mwaka 2020, wakati dhoruba iliyopewa jina la Ciara ilipokuwa ikielekea Uingereza, ndege ya Boeing 747 ya British Airways ilitoka New York hadi London kwa saa 4 na dakika 56, kasi yake juu ya ardhi ikipita kilomita 1,280 kwa saa, ingawa ndani ya hewa haikufika kasi ya sauti hata kidogo. Hiyo ni karibu saa mbili na nusu chini ya jibu la kikokotoo. Simlaumu mtengenezaji kwa kushindwa kuitabiri dhoruba. Namlaumu kwa kuandika dakika 25 wakati hana uhakika hata wa saa nzima. Juu ya Atlantiki ya Kaskazini njia za ndege zenyewe hupangwa upya mara mbili kila siku kwa kuufuata upepo, seti moja ya kwenda mashariki usiku na nyingine ya kwenda magharibi mchana. Watu wanaoendesha kazi hiyo hawaamini kwamba njia ya jana itafaa leo, nacho kikokotoo kinatoa jibu lilelile mwaka mzima.

Nimesema namlaumu, na sababu yake ni hii. Shangazi yangu alikuwa anavuka Atlantiki kuelekea magharibi, naye hutumia dawa anayopaswa kuimeza kila baada ya saa 8. Aliniuliza safari ni ya muda gani, nami nikafungua kikokotoo nikamjibu kwa kujiamini kwamba ni saa 7 na dakika 25, hivyo akimeza kidonge kabla ya kupanda atakuwa amekwisha kufika zamu ya pili isijafika. Kwa kuniamini, aliweka dawa kwenye begi kubwa lililoshushwa tumboni mwa ndege. Tangu mlango wa ndege ulipofungwa hadi ulipofunguliwa zilipita saa 9 kasoro kidogo. Ukijumlisha kusubiri kabla ya kuondoka, foleni ya hati za kusafiria na kungoja begi, alimeza dawa yake saa 11 baada ya ile ya kwanza. Hakudhurika, namshukuru Mungu. Lakini kwa siku nzima sikuwa na amani, na tangu hapo nikaanza kukipima kikokotoo hiki jozi kwa jozi.

Safari ile ilinifundisha kwamba muda wa kuwa angani na muda wa kuwa ndani ya ndege ni vitu viwili. Mashirika huandika kwenye ratiba muda wa lango hadi lango, ambao wenye kazi yao huupima tangu vizuizi vya magurudumu vinapoondolewa hadi vinapowekwa tena. Ndani yake mna mwendo wa taratibu wa kuifikia njia ya kurukia, foleni ya ndege zilizotangulia, na mwendo wa kuingia baada ya kutua. Katika uwanja wa Schiphol mjini Amsterdam, ndege inayotua kwenye njia iitwayo Polderbaan, iliyofunguliwa mwaka 2003, hutembea ardhini kwa kiasi cha robo saa kabla ya kulifikia jengo la abiria. Ile nusu saa moja ambayo kikokotoo huiongezea kila safari bila kubagua viwanja inataka kubeba yote hayo pamoja na kupaa na kushuka, na haiwezi. Ndege iliyo kwenye kimo cha kilomita 11 huanza kushuka ikiwa bado na kilomita zipatazo 200 kuufikia uwanja, na sehemu yote hiyo huendwa kwa kasi inayopungua.

Kwenye safari fupi kasoro hii inakuwa kubwa kuliko safari yenyewe. Katika visiwa vya Orkney, Uskoti, kuna ndege ya abiria kati ya Westray na Papa Westray, umbali wa kilomita 2.7, inayojulikana kuwa safari fupi kuliko zote za ratiba duniani. Huchukua takriban dakika 2. Kikokotoo kinasema dakika 30. Kwa safari za kilomita 300 au 400 hakijui kama utapanda ndege ya jeti au ndege ya panga boi kama ATR 72, ambayo mwendo wake ni karibu kilomita 500 kwa saa, na hakiulizi. Upande wa pili wa mizani, kati ya Singapore na John F. Kennedy, safari ndefu kuliko zote zinazoendeshwa leo bila kutua, ina kilomita 15,349, na kikokotoo kinaipa saa 19 na dakika 41, ilhali ndege za Airbus A350 za Singapore Airlines hupangiwa chini kidogo ya saa 19. Hapo kimezidisha, kwa sababu kwenye safari ndefu sehemu kubwa huendwa kwa kasi kamili na kilomita 800 kwa saa zinakuwa chache mno.

Kasoro nzito kuliko zote nimeikuta kati ya Helsinki na Tokyo. Kwa duara kuu ni takriban kilomita 7,830, na njia hiyo hupita juu ya Urusi karibu yote. Kikokotoo kinajibu saa 10 na dakika 17, na hadi mwanzoni mwa mwaka 2022 jibu hilo lisingekuwa baya, kwa kuwa Finnair ilikuwa ikiisafiri kwa kiasi cha saa 9 na nusu. Baada ya vita vya Ukraine kuanza na Urusi kuwafungia mashirika ya Ulaya anga yake, ndege zilezile zililazimika kuzunguka, wakati mwingine kwa kupita juu ya Ncha ya Kaskazini, na safari ikawa ya takriban saa 13. Umbali kati ya viwanja haukubadilika hata mita moja. Hapa ndipo kilomita na saa zinapoachana kabisa, na kikokotoo kinachozifunga pamoja kwa kugawanya kwa 800 kinamwambia msafiri jambo ambalo limekoma kuwa kweli tangu miaka kadhaa iliyopita. Ingetosha kuweka alama ya tahadhari kwenye njia zinazopita kwenye anga zilizofungwa. Orodha ya anga hizo hutangazwa hadharani.

Kimo cha uwanja nacho hakimo kwenye hesabu. Uwanja wa Bole mjini Addis Ababa uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo hewa ni nyepesi na ndege iliyojaa mafuta hupata taabu kupaa. Kwa miaka mingi ndege ya Ethiopian Airlines inayotoka hapo kwenda Washington imekuwa ikitua njiani, huku ile inayotoka Washington kurudi Addis Ababa ikiruka moja kwa moja. Kikokotoo kinazipa pande hizo mbili muda mmoja, bila kutua popote.

Sehemu ya saa za kufika imenishangaza kwa kuwa nzuri mahali nilipotarajia iharibike na kuharibika mahali pepesi. Inajua kwamba Nepal iko saa 5 na dakika 45 mbele ya saa za dunia, jambo ambalo programu nyingi hulikosea. Inajua pia mstari wa tarehe: ukiondoka Tokyo saa 3 usiku kwa safari ya saa 7 kwenda Honolulu, inakuambia utafika saa 3 asubuhi ya siku ileile uliyoondoka, na ni kweli, kwa kuwa kati ya miji hiyo kuna tofauti ya saa 19. Lakini nilipoiwekea tarehe ya katikati ya mwezi Machi kwa London na New York, ilitoa tofauti ya saa 5. Marekani husogeza saa zake mbele Jumapili ya pili ya Machi na Uingereza Jumapili ya mwisho, kwa hiyo kwa wiki mbili au tatu tofauti huwa saa 4. Anayekwenda kumpokea mgeni katika wiki hizo atamkosea kwa saa nzima.

Ninachowaomba watengenezaji wake si kikubwa. Watenganishe jibu la kwenda na jibu la kurudi. Badala ya saa 7 na dakika 25 waandike "kati ya saa 7 na saa 9, lango hadi lango", na waeleze kwa sentensi moja jinsi walivyoupata muda huo. Waulize ni San Jose ipi. Michoro na kilomita waviache vilivyo.

Shangazi alirudi mwezi uliofuata. Kwa safari hiyo nilikifungua kikokotoo ili kumwonyesha tu njia atakayopita, naye alifurahi kuona jinsi mstari unavyopinda juu ya Atlantiki. Muda niliuchukua kwenye ratiba ya shirika, nikaongeza saa 2 kwa ajili ya foleni na mizigo, na dawa zilikuwa kwenye mkoba wake wa mkononi.